Kiatu cha Kulia cha Milimita

Dada wa mume wangu hana jina sokoni zaidi ya Milimita. Kwa miaka kumi na moja, kila kunapokucha, amepanda mlima ulio nyuma ya mji, akasoma kipima mvua kilichowekwa kileleni, akashuka. Akipita kwenye vibanda watu humpigia kelele, "Milimita, jana ngapi?" Naye hujibu bila kupunguza mwendo, "Kumi na mbili!" au "Patupu!" Wauza mboga wanamwamini kuliko redio. Wauza miavuli, siku ya patupu, hawamsalimii.

Miaka yote hiyo alikuwa kibarua. Msomaji mwenye ajira alikuwa mzee wa magoti mabovu aliyeshinda ofisini na kikombe cha chai. Wifi alipanda, mzee akasaini. Mzee alipostaafu, ofisi ya hali ya hewa ikabandika tangazo ukutani: nafasi moja, ajira ya kudumu, mwombaji asiwe amezidi miaka arobaini na mitano. Wifi alibakiza wiki tatu kutimiza arobaini na sita. Kama hakuipata mara hii, basi tena. Na msomaji mpya akishaajiriwa, kibarua wa kazi gani?

Waombaji walikuwa watatu: wifi, mlinzi wa ofisi mwenye mabuti mapya, na mpagazi mmoja. Mtihani ulikuwa mmoja. Kupanda mpaka kileleni, kumimina maji ya kipima mvua kwenye chupa ya kioo, kuyashusha. Saa mbili kamili, kwenda na kurudi. Chupa ibebwe mkononi, kwa sababu zilizowahi kubebwa mgongoni zilivunjika watu walipoanguka chali. Ikivunjika, kwaheri. Ukichelewa dakika, kwaheri. Kati ya watakaofaulu, nafasi itakwenda kwa mwenye miaka mingi ya mlima, na hapo hakuna aliyemkaribia wifi. Alichotakiwa ni kufika tu.

"Kupanda ni mapafu," aliniambia. "Mapafu ninayo. Kushuka ni viatu, wifi. Na viatu ni wewe."

Mimi nauza viatu vya mitumba. Nilianza na beseni moja la kandambili zisizo na wenzao, nikizilinganisha mguu kwa mguu mpaka zipate mnunuzi, na sasa nina kibanda chenye mlango wa chuma na fundi wa kudumu. Sikufika hapo kwa kumwambia kila mteja kila ninachojua. Ninachojua na ambacho mteja hakijui ndicho mtaji wangu.

Kitu kimoja ambacho mteja hakijui ni kuchonga. Kiatu cha mazoezi kikija kwenye belo kimechakaa soli, meno yameisha, fundi anapasha kisu kwenye mkaa na kuchimba mifereji kati ya meno. Jino linaonekana refu tena, lakini si kwamba limeota. Shina lake ndilo limechimbwa. Halafu anapaka rangi nyeusi. Kwa mtu wa kutembea mjini, kiatu hicho kitamfikisha mwaka na zaidi bila lawama. Juu ya jiwe lenye maji ni habari nyingine. Soli ikishachimbwa imebaki nyembamba kama ganda la chungwa.

Ili tusije tukamuuzia mama mzazi kiatu kilichochongwa, wauzaji wa safu yetu tuna alama. Kiatu kizima, kamba inaingia tundu la kwanza kutokea juu. Kilichochongwa, kamba inaingia kutokea chini. Mteja haoni. Sisi tunaona kwa hatua kumi.

Wifi alikuja alasiri, jua limeshalegea.

"Mteja mwema hununua asubuhi," nikamwambia.

"Mguu wa asubuhi ni mwongo. Umelala. Mpaka saa hizi umevimba, na mlimani unavimba kuliko hivi. Nataka kiatu cha mguu huu." Akatoa kwenye mkoba soksi zake nene za mlimani, akavaa, akakaa kwenye kigoda changu kama mwenye nyumba.

Nikaanza na buti refu, ngozi ya ndani, kitu ambacho mtu wa kawaida hukishika na kunyamaza. "Hili halipitishi tone la maji."

"Ndiyo ubaya wake. Maji yakiingia kwa juu yatatokea wapi? Nipande na bwawa mguuni?"

Nikaleta kiatu cha wakimbiaji wa barabarani, soli nene yenye sponji. "Hiki ni godoro, wifi. Utadhani umelala."

Akavaa, akasimama, akaegemeza mguu ukingoni mwa jiwe la mlangoni. Kiatu kikapinda upande, na kifundo cha mguu nacho. Akakivua. Kisha akasema, "Kirefu mno. Nataka niwe karibu na ardhi, niisikie. Mlimani ukikanyaga usichokisikia, unakisikia baadaye kwa kiuno."

"Umekuja kununua au kutahini?"

"Kutahini. Kikifaulu nitanunua."

Nikaingiza mkono chini ya meza, mahali ninapoweka vitu visivyo vya kila mtu. Nilikuwa na pacha: jozi mbili za viatu vya mlimani, kampuni moja, rangi moja ya kijivu na kijani, saizi moja, zilizotoka belo moja. Jozi ya kwanza ilikuwa imevaliwa mara mbili tatu tu. Ya pili ilikuwa imelika soli mpaka unaona aibu, na fundi wangu aliichonga huku ameiweka ile nzima mbele yake kama mwalimu, akinakili jino kwa jino. Kazi aliyoifanya siku ile, hata mimi nilimpa mkono. Kwa macho usingezitofautisha.

Niliziweka zote mezani, nikampa ile nzima. Msinifanye mbaya kuliko nilivyo. Kamba zilianzia juu, nikahakikisha.

Alianza na meno. Marefu, yameachana vya kutosha tope lidondoke lisigande. Akabonyeza jino kwa kucha. Kucha ikazama kidogo. "Mpira laini," akasema, "unashika jiwe. Ule mgumu unateleza kama sabuni." Akachota kikombe cha maji kwenye ndoo yangu na, kabla sijamwahi, akamimina ndani ya kiatu.

"We! Bado hujalipa!"

"Tulia." Maji yakatoka kwenye vitundu vya pembeni mpaka kikombe kizima kikawa sakafuni kwangu. Akaridhika. Akavaa, akaingiza kidole gumba mbele ya vidole vyake: nafasi ya kidole gumba, isiyozidi. Nyuma ya kibanda kuna sakafu ya saruji ya kufulia, imeinama na imeota ukoga. Akaenda kuimwagia maji, akashuka nayo mbio, akasimama ghafla. Akashuka tena, akasimama ghafla. Alikuwa akisikiliza kama vidole vitagonga mbele. Mama aliyekuwa akifua alisimamisha kazi. "Huyu anatafuta nini?"

"Kazi," wifi akamjibu, akashuka mara ya tatu.

Kisha akarudi na kasoro. "Kamba fupi. Nataka zifike tundu la mwisho, nikifunge kisigino kisicheze. Hawa pacha wake kamba zao ni ndefu. Nibadilishie."

"Nitakubadilishia bure."

"Bure yako ina mkia, wifi. Bei ngapi?"

Nikataja. Akacheka mpaka akashika meza.

"Mimi ni wifi yako!"

"Ndiyo maana sijaongeza."

"Ungeongeza ungeniuzia na kibanda. Kaka yangu anajua unauza hivi?"

"Kaka yako anakula hivi."

Hapo ndipo penye kosa, na nalieleza kama lilivyotokea. Nilichomoa kamba za viatu vyote vinne, nikaviweka mapajani, na huku vidole vinapitisha kamba mdomo wangu ulikuwa kwenye bei. Wifi ni mtu anayejua kubishana. Ukimwacha sekunde moja bila jibu amekushusha. Nilimtazama yeye machoni. Sikutazama mapaja yangu. Nilipomaliza, jozi moja kamba ndefu zilianzia juu, ya pili kamba fupi zilianzia chini, kama inavyotakiwa. Nikampa ya kamba ndefu. Akakunja cha kushoto kwa mikono miwili, kikakunjika na kurudi. Akatupia jicho cha kulia, akaviweka mkobani. Nilijisifu moyoni kwamba sikushuka bei zaidi ya mara moja.

Jumamosi ya mtihani niliamka mapema, nikamkuta tayari amevaa, anarukaruka taratibu barazani. Hakutaka chai. Walitakiwa kuondoka lango la mlima saa moja kamili. Mimi nikaenda kufungua kibanda.

Saa moja na nusu akaja mwalimu wa michezo wa shule ya jirani. Mteja mzuri, ananunua na haongei sana. Akaona pacha waliobaki. Akavichukua, kimoja kila mkono, akavikunja pamoja.

"Mama, mbona hawa hawafanani?"

"Mapacha hao, mwalimu."

"Kimoja kinakunjika kinarudi. Hiki kingine kinalia."

Nikamnyang'anya. Kamba zote mbili zilianzia chini, alama ya kuchongwa. Nikakunja cha kushoto: kwenye mifereji kitambaa cha ndani kikajitokeza, cheupe, kama mfupa kwenye kidonda. Hicho ni kweli kilichongwa. Nikakunja cha kulia. Mpira mtupu, mnene, mzima.

Kiatu kizima cha kulia kilikuwa mkononi mwangu. Basi mguu wa kulia wa wifi ulikuwa ndani ya kile kilichochongwa, na alikuwa mlimani nusu saa sasa.

Fundi wangu, aliyekuwa akipiga gundi pembeni, aliona uso wangu. "Bosi, kuna nini?"

"Nimechanganya."

Hakuuliza nini. Aliangalia kiatu, akaangalia njia ya mlimani. "Kupanda kitamfikisha," akasema polepole. "Tatizo Ubaoni."

Ubao ni bamba la jiwe, hatua kama mia mbili, limeinama na maji yanapita juu yake mwaka mzima. Hakuna njia nyingine. Kulipanda unaegemea mbele, mikono inasaidia. Kulishuka uzito wote unakaa kwenye meno ya kiatu, na mkononi una chupa ya kioo.

Nitasema nilichofikiri, kwa sababu nilikifikiri. Nilifikiri kwamba huenda kisichanike. Nilifikiri kwamba nikienda kule na kiatu mkononi, mbele ya watu, safu nzima itajua ninachouza na kila mteja wangu ataanza kukunja soli. Mwalimu alikuwa amesimama pale pale, masikio wazi. Halafu nikafikiri wifi akirudi bila kazi, chumba chetu cha uani anamolala na meza yangu ya chakula vitakuwa vyake mpaka mmoja wetu afe, na kila siku atanitazama. Hesabu ikaisha.

"Mwalimu, viatu hivi haviuzwi," nikasema. "Kimoja kibovu. Nimekichonga mimi." Nikatoka mbio na cha kulia.

Wa pikipiki alitaka kutaja bei. "Nenda, utaitaja tukifika!" Ni mara ya kwanza maishani kupanda chombo kabla ya kuelewana, naye alijua, kwa maana tulipofika alitaja bei ya kwenda mji mwingine. Nikalipa. Ilikuwa saa mbili kasorobo.

Langoni kulikuwa na meza, karatasi, na karani wa ofisi, kijana mwenye miwani na saa mbili: moja mkononi, moja mezani, kama vile wakati ungeweza kumtoroka. Nikamweleza.

"Hairuhusiwi msaada, mama. Masharti haya hapa."

"Nisomee."

Akasoma. "Mshindani asisaidiwe kubeba chupa, asishikwe, asivutwe wala kusukumwa."

"Kiatu kimeandikwa wapi?"

"Mama, maana yake…"

"Sijauliza maana. Nimeuliza kimeandikwa wapi. Mngekuwa mmekataza viatu mngeandika viatu. Huyo mlinzi wenu aliyeondoka naye, aliyemnunulia mabuti ni nani?"

"Mke wake," karani akasema, kisha akajuta.

"Basi kasaidiwa. Au msaada wa jana si msaada? Wifi yangu kauziwa kiatu kibovu, na aliyemuuzia ni mimi. Namletea alichokilipia. Huo si msaada, hiyo ni bidhaa inafika kwa mwenyewe."

Aliangalia saa ya mkononi, halafu ya mezani. "Usimshike. Usiguse chupa hata kwa ukucha. Nitamuuliza mwenyewe, na ni mkweli huyo. Ukiigusa nafuta jina."

"Andika hivyo hivyo," nikasema, na nikaanza kupanda.

Sikuwa nimepanda mlima ule tangu nikiwa msichana, na wakati huo sikuwa na mwili huu. Barabara ya kokoto ilikwisha, nyasi zikaanza, na baada ya nyasi tope. Ndala zangu zilinyonywa moja baada ya nyingine. Nikazishika mkononi pamoja na kiatu. Kila nilipotaka kukaa nilijiambia, pale kwenye kichaka, na nikifika kichakani nilijidanganya tena, pale kwenye jiwe. Mimi ni mtu wa kudanganya. Siku ile nilipata mteja wangu mgumu kuliko wote na nikamuuzia kila hatua.

Nilipokuwa chini ya Ubao mtu alishuka. Alikuwa mlinzi, amekaa matako chini, anajisogeza. Mabuti yake mapya yalikuwa yamejaa maji, kila akijisogeza yanatema. Mkononi alishika shingo ya chupa. Shingo tu.

"Umemuona wifi yangu?"

"Yuko juu kule." Hakuniangalia. "Amesimama."

"Amesimama kwa nini?"

"Kiatu, nafikiri. Mama, jiwe hili leo ni ulimi wa ng'ombe. Usipande."

Nikapanda. Ndala niliziacha chini ya jiwe. Mguu mtupu unashika kuliko unavyodhani, ukiupa muda. Vidole vilitafuta nyufa vyenyewe. Kiatu nilikishika kwa meno, kamba mdomoni, mikono yote jiweni. Maji yalipita kati ya vidole vyangu, baridi. Sikutazama chini. Katikati goti liliteleza, nikalala kifudifudi kwenye maji, na wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kamba zitalowa na kamba iliyolowa ni ngumu kufunga.

Wifi alikuwa amesimama kwenye ukingo wa juu, mguu wa kushoto umekita, wa kulia ameunyanyua kidogo kama kuku kwenye mvua. Chupa aliikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Alishajaribu kushuka, niliona alama ya mkwaruzo mrefu kwenye ukoga, na damu kwenye kiwiko chake. Soli ya kulia ilikuwa imechanika kuanzia vidoleni na kuning'inia kama ulimi wa mbwa. Pembeni yake jiwe lilikuwa na meno matatu meusi, yamelala kila moja peke yake.

Aliniona. Hakushangaa kama nilivyotegemea.

"Wifi, hiki kiatu kimekufa," akasema.

"Najua. Nimeleta mwenzake."

"Umejua lini?"

"Asubuhi hii, mwalimu wa michezo alipovikunja. Vilichanganyika nikibadilisha kamba."

Alinitazama kitambo ambacho hatukuwa nacho. "Funga," akasema. "Tutaongea chini."

"Weka chupa utulie."

"Niiweke wapi?"

Nikaangalia. Kila mahali palikuwa pameinama na panapita maji. Alikuwa amesimama na ile chupa mikononi, na mimi nilikatazwa kuigusa. Basi akakaa, polepole sana, mgongo kwenye mwamba, chupa kifuani, akaunyoosha mguu. Nikapiga magoti ndani ya maji.

Nimewavisha viatu maelfu ya watu. Sijawahi kushindwa na fundo. Fundo la kamba lilikuwa limekazwa tundu la mwisho, kama alivyotaka mwenyewe, limelowa na kukazana, na halikufunguka. Nikalivuta kwa meno. Halikufunguka.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Sina saa. Usiniulize."

"Kata."

"Kwa nini?"

"Kwa nini, kwa nini! Kwani na hili tutabishana?"

Mkoba wangu wa kiunoni una kisu kidogo cha kukatia kamba za belo. Nilikuwa nimekisahau kama mwehu. Nikakata kamba, kiatu kikatoka na nusu ya soli ikabaki kwenye jiwe. Nikaingiza kile kizima. Mguu ulikuwa umevimba, kama alivyosema, na ukaingia sawasawa, kama alivyosema. Kamba zake zilikuwa zile fupi. Hazikufika tundu la mwisho. Nikazishusha tundu moja, nikakaza mpaka akaguna.

"Kisigino kitacheza," nikasema.

"Kitacheza. Toka mbele yangu."

Akasimama. Akaukanyaga mguu wa kulia mara mbili, akisikiliza. Kisha akaingia Ubaoni. Alishuka akiwa amegeuka ubavu kidogo, magoti yamekunjika, hatua fupi fupi za haraka, mguu mzima unalala kwenye jiwe badala ya kisigino, chupa haitikisiki. Katikati, pale nilipoanguka mimi, mguu wa kulia uliteleza kiasi cha kiganja, na ukashika. Nilisikia sauti yake, mpira ukisaga jiwe. Akaendelea. Alipofika chini ya jiwe akaanza kukimbia, akapotea kwenye kona.

Nikabaki na kiatu kilichokufa na mlima mzima wa kushuka.

Sikujua chochote. Huo ndio uliokuwa mzigo. Nilishuka Ubao kwa matako kama mlinzi, nikisikiliza kama langoni watu watapiga kelele, na sikusikia kitu ila maji. Mara nilidhani nimesikia kioo. Nikasimama. Alikuwa ndege. Kwenye tope niliona nyayo zake: wa kushoto na wa kulia, meno yamechapa sawasawa pande zote mbili, na umbali kati ya hatua na hatua mrefu kuliko urefu wangu. Nilizifuata kama mtu anayesoma barua asiyoandikiwa. Kwenye barabara ya kokoto nyayo zikaisha, nikawa sina hata hizo.

Langoni karani alikuwa ameinama juu ya meza. Mlinzi alikaa pembeni na shingo yake ya chupa. Mtu wa tatu, yule mpagazi, alikuwa bado hajaonekana. Wifi alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, macho amefumba. Chupa ilikuwa mezani. Ilikuwa nzima, lakini karani hakuwa na uso wa kunipa habari. Alikuwa akiinua maji kwenye kipimo hadi usawa wa miwani yake.

"Umeigusa?" akaniuliza.

"Sikuigusa."

"Ameigusa?" akamuuliza wifi.

"Alitamani," wifi akasema bila kufumbua macho. "Hakuigusa."

Karani akaandika. Akatazama saa ya mezani, akatazama ya mkononi. "Milimita kumi na nne," akasema. "Muda, saa moja na dakika hamsini na nane." Akaigeuza karatasi upande wa wifi. "Saini hapa, mama. Jumatatu uje na picha mbili na cheti cha kuzaliwa."

Wifi alisaini kwa mkono uliokuwa na damu kiwikoni. Hakuruka, hakulia. Mimi pia sikulia. Jasho ni jasho.

Tulitembea kurudi mjini. Alikuwa akichechemea, kisigino kimechubuka kwa sababu ya kamba fupi. Kisha akasema, "Unajua kwa nini siku ile sikukikunja cha kulia?"

"Kwa nini?"

"Niliona kamba zimeanzia juu."

Nikasimama katikati ya barabara.

"Unajifanya nini? Miaka kumi na moja napita mbele ya safu yenu kila asubuhi. Mnadhani mtu anayesoma mistari midogo ya kioo hawezi kuona kamba? Nimenunua kwako miaka yote kwa kamba zako, wifi. Ningekuwa sizijui, ningekikunja."

Nikamkimbilia, nikamfikia.

"Unataka nini?" nikauliza.

"Kamba ndefu."

"Na nini?"

"Vya mlimani msichonge tena. Vya mjini chongeni, lakini mwambieni mtu."

"Cha kwanza nakubali. Cha pili nitawaambia wanaouliza."

"Wote."

"Wanaouliza, na wanaokunja."

Akatembea hatua kadhaa akifikiri. "Na mwalimu?"

"Huyo nilishamwambia."

"Sawa," akasema. Nadhani angenidai zaidi kama asingekuwa amechoka.

Mwalimu alirudi wiki ile ile. Nilidhani anakuja kunitangaza. Alikuja kununua, na sasa anakunja kila kiatu mbele yangu, na wateja wengine wakimwona nao wanakunja. Vilivyochongwa bado vinauzika. Nasema, "Hiki kimechongwa, cha mjini tu," na watu wananunua, kwa bei ya chini kidogo, na hawarudi kugomba. Fundi wangu anasema ukweli umetupunguzia kelele.

Milimita bado anapita kila asubuhi, sasa na kitambulisho shingoni. Watu wanapiga kelele, "Jana ngapi?" naye anawajibu. Akifika mbele ya kibanda changu hasimami. Anainua mguu wa kulia nyuma, akiwa mwendoni, na kunionyesha soli. Nami hukagua meno haraka kabla hajaukanyaga tena.